Kuitia ganuni ndani ya MuseScore

Mimi ndiye mwandika nota wa kikundi chetu cha taarab hapa Unguja. Naziandika kwenye MuseScore, programu ya kuandika nota na kuzisikiliza kwa kompyuta, na kwa muda mrefu ganuni, ala yetu ya nyuzi nyingi, nilikuwa nikiiazimia sauti ya kinubi. Inachekesha. Orodha ya General MIDI, yaani sauti za ala zilizokubaliwa kwa kompyuta, ina sauti 128: imo koto ya Wajapani, imo sitari, hata kalimba imo. Ganuni na udi hazimo. Basi nikairekodi ya kwetu.

Huna haja ya kurekodi kila nota. Ruka nusu toni tatu tatu: re, fa, sol diyezi (sol iliyopandishwa nusu toni), si. Kila moja itambeba jirani yake wa chini na wa juu. Piga mara moja, kaa kimya mpaka uzi unyamaze kabisa. Na zima panga boi! Mara ya kwanza nililiacha likizunguka. Kwenye nota moja halisikiki. Nilipozipiga nne kwa pamoja, yakavuma mapanga boi manne.

Faili za WAV, yaani hizo rekodi zako, zipeleke Polyphone, programu ya bure ya kutengenezea faili za sauti za ala (SoundFont, yenye mwisho wa .sf2). Kwenye kila sampuli, yaani kila nota uliyorekodi, andika namba ya nota yake: do ya kati ni 60, re inayofuata 62. Kisha unda ala, ugawe mipaka; re ishike 61 hadi 63. Ala nayo iingize kwenye priseti (sauti yenye jina, inayochaguliwa na programu nyingine), la sivyo MuseScore haitaiona. Habari za kurudiarudia sampuli ili sauti iendelee achana nazo, uzi wa ganuni hufa wenyewe. Kinachosahaulika ni Vol env release, muda wa sauti kufifia baada ya nota kuisha. Ukiiacha ilivyo, nota ikiisha sauti hukatika ghafla kama uzi umezibwa kwa kidole. Mimi naweka sekunde moja na nusu.

Hifadhi kama .sf2, uiweke Documents, ndani ya MuseScore4, folda ya SoundFonts. Funga MuseScore, fungua tena, bonyeza F10 miksa, ubao wa kurekebishia sauti za ala, itokee. Kwenye sauti ya ala yako bofya kishale, nenda SoundFonts, chagua faili lako.

Nilimsikilizisha mzee wetu anayeipiga ganuni yenyewe. Hakusifu. "Mwanangu, fa imelegea." Kweli, niliirekodi imelegea, na kompyuta ikawa inairudia vilevile kila ukurasa. Nikarudi Polyphone, kwenye sehemu ya kurekebisha sampuli kwa senti (sehemu ya mia ya nusu toni), nikaongeza 12.