Jinsi ya kuandika hadithi ya msichana na farasi wake, Rhode Island ya miaka ya 1760

Miswada mingi ya hadithi za namna hii ninayopewa kuisoma ina ugonjwa mmoja: farasi ni pambo. Anakimbia, singa zinapepea, msichana anamkumbatia shingoni na kumwambia siri zake, basi. Hakuna anayemtafutia majani, hakuna anayezoa samadi, hakuna anayeuliza huyo mnyama ni mali ya nani. Ukifunga kitabu hujui hata alikuwa anakula nini.

Shauri langu ni moja, na yote yanayofuata yanatoka humo. Mapenzi ya msichana kwa farasi yaonekane kwenye mikono yake, kwenye kazi ya kila siku. Ukishaijua kazi hiyo barabara, na ukajua sheria ya nchi ilisema nini juu ya msichana na juu ya farasi, kisa kitajileta chenyewe.

Anza kwa kuchagua mahali na mwaka. "Marekani ya ukoloni" ni pana mno. Tangu Jamestown, makazi ya Waingereza kule Virginia, ilipoanzishwa mwaka 1607 hadi tangazo la uhuru la 1776 ni karibu miaka 170, na maisha ya farasi yalibadilika sana humo ndani. Jamestown, katika majira ya baridi ya 1609 kuingia 1610, watu waliokuwa wakifa kwa njaa waliwachinja farasi wao wakawala. Karne moja baadaye, Virginia hiyohiyo ilikuwa na mashamba makubwa ya tumbaku na mashindano ya mbio fupi za robo maili, huku farasi wengi wakiachwa wajitafutie malisho msituni, maana uzio ulizungushiwa mazao, si mifugo. Hadithi ya Virginia na hadithi ya kaskazini haziwezi kuwa moja.

Mimi ningekupeleka Rhode Island, koloni dogo la kaskazini, upande wa magharibi wa Ghuba ya Narragansett, tuseme mwaka 1765. Sababu ni farasi wenyewe. Huko ndiko ilikotoka mbegu iliyojulikana kwa jina la Narragansett Pacer. Farasi hawa hawakuwa wakubwa, wengi wao walikuwa wa rangi ya hudhurungi iliyoiva, na mwendo wao ulikuwa wa pekee, laini na wa kasi. Farasi wa kawaida akikimbia kidogo humrusha mpandaji juu na chini. Huyu alimbeba kwa utulivu, bila kumrusha. Mchungaji James MacSparran, aliyehudumu Narragansett katika karne hiyo, aliandika kwamba aliwaona wakimaliza maili moja, yaani kilomita 1.6, kwa dakika mbili na ushei, bila kufika tatu. Leo mbegu hiyo imetoweka kabisa, na kwangu mimi hilo peke yake ni sababu tosha ya kuiandikia.

Sasa linganisha mwendo huo na tandiko la kike, utaona kwa nini ninakung'ang'aniza hapa. Msichana wa wakati ule alipanda akiwa ameweka miguu yote miwili upande wa kushoto. Goti la kulia lililala juu ya pembe moja iliyochomoza mbele ya tandiko, na mguu wa kushoto ukakanyaga kikuku. Hiyo pembe ya pili ya chini, inayolibana paja la kushoto na kumwezesha mwanamke kuruka vizuizi kwa usalama, ilikuja miaka ya 1830. Maana yake, msichana wako wa 1765 amekaa pale kwa mizani tu. Halafu kiwiliwili chake kimebanwa na koseti, kwa kuwa wasichana walianza kufungwa koseti wangali wadogo. Mgongo umenyooka, kuinama ni kazi. Sketi zake ni nzito, na zikilowa ni nzito zaidi. Kwa hiyo ile tamthilia ya kuruka kuta za mawe kwa kasi, ifute. Akiruka ataanguka, na kama unataka aanguke, basi andika anguko hilo kwa uzito wake. Msichana wa namna hii alihitaji farasi asiyerusha. Ndiyo maana farasi wa Narragansett alikuwa mwenzake wa kweli.

Usimpe tandiko mapema. Utotoni atakuwa amepanda kwenye mto uliofungwa nyuma ya tandiko la baba au kaka yake, amemshika kiunoni, haoni mbele isipokuwa koti. Siku anapopewa tandiko lake mwenyewe, anapanda kutoka kwenye jiwe la kupandia na kushika hatamu kwa mkono wake, hiyo ni sura nzima ya kitabu. Usiimalize kwa aya moja.

Kuhusu kazi, fanya hesabu. Farasi wa kimo kile hula kama kilo 9 za majani makavu kwa siku. Majira ya baridi yakikaa miezi mitano, hizo ni zaidi ya tani moja na robo kwa farasi mmoja, na majani yote hayo yalikatwa kwa fyekeo la mkono wakati wa kiangazi, yakageuzwa juani, yakapakiwa kwenye gari la ng'ombe, yakalundikwa ghalani kabla ya mvua. Kule pwani walikata pia nyasi za mabwawa ya chumvi. Mvua ikinyesha juu ya majani yaliyolala shambani, yanaota ukungu, na ukungu unamuua farasi kwa tumbo. Hapo una hofu halisi ya mwezi wa Julai inayolipwa Februari. Baridi ile ina barafu, na farasi asiye na chuma cha meno kwatoni huteleza, kwa hiyo kuna safari ya kwa mhunzi. Mhunzi huyo ndiye pia atakayeitwa farasi akiugua. Chuo cha kwanza cha madaktari wa mifugo duniani kilianzishwa Lyon, Ufaransa, mwaka 1761, na Rhode Island hakikuwapo chochote cha namna hiyo. Mhunzi atamkata mshipa amtoe damu, kwa kuwa ndivyo ilivyoaminiwa, na msichana atashika hatamu akitazama.

Unapoandika kazi, sogea karibu. Namna hii, kwa mfano:

"Mercy alisokota majani makavu mpaka yakawa mshipi mgumu, akaanza shingoni. Alisugua kufuata manyoya, kwa uzito wa mwili wake wote, na jasho lililokauka likadondoka unga mweupe. Alipofika ubavuni, farasi akalaza sikio moja nyuma. Mercy akaacha. Akaweka majani chini, akapitisha kiganja, na pale mkanda wa tandiko unapopita akakiona kidonda, kidogo, bado kibichi. 'Leo hupandwi,' alimwambia, akaenda kutafuta mafuta ya nguruwe."

Hapo hakuna aliyesema anampenda mtu. Sikio limesema, na kiganja kimejibu.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo waandishi wengi hulipita haraka, nami nakuomba ulikalie. Nani alimfundisha Mercy kusokota majani vile? Mashamba makubwa ya Narragansett, ya jibini, kondoo na farasi, yaliendeshwa kwa jasho la Waafrika waliofanywa watumwa, na la watu wa kabila la Narragansett waliokuwa wamenyang'anywa ardhi yao hiyohiyo. Ng'ambo ya ghuba, meli za mji wa bandari wa Newport zilipeleka ramu Afrika Magharibi, zikabeba watu hadi visiwa vya Karibi, zikarudi na molasi ya kutengenezea ramu nyingine. Basi kwenye banda lile la farasi yumkini kuna mtu mzima, tuseme ni Kofi, ambaye kwenye daftari la bwana ameandikwa Cuffee. Yeye ndiye anayelala karibu na farasi jike anapokaribia kuzaa, baada ya mimba ya miezi 11. Yeye ndiye anayejua mguu upi una shida kabla mnyama hajachechemea. Ukitaka kuona sheria ilivyokuwa na roho ngumu, tazama Virginia: sheria ya mwaka 1705 iliagiza kwamba farasi, ng'ombe au nguruwe yeyote wa mtumwa atwaliwe na kuuzwa, na fedha ziende kwa maskini wa parokia. Mtu aliyemjua farasi kuliko wote alikatazwa kuwa na farasi.

Usimfanye Kofi kuwa babu mcheshi anayetabasamu pembeni na kutoa busara. Mpe nia yake. Fungua magazeti ya makoloni ya miaka ile na utakuta matangazo ya farasi waliopotea na matangazo ya watu waliotoroka yamepangwa ukurasa mmoja, yameandikwa kwa mtindo uleule: rangi, kimo, makovu, namna anavyotembea, na zawadi kwa atakayemrudisha. Wapo waliotoroka wakiwa juu ya farasi wa bwana. Ukiniuliza ningejenga kisa gani, ningejenga hicho. Kofi anaondoka usiku juu ya farasi wa Mercy, kwa sababu ndiye mwepesi kuliko wote na ndiye anayemfahamu. Asubuhi baba anamwita binti na kumuuliza farasi wake ana alama gani, ili aandike tangazo. Mercy anazijua zote, hadi kile kidonda cha ubavuni. Atasema nini? Ukiweza kuiandika hiyo meza ya asubuhi kwa ukweli, umeandika hadithi.

Ila kumbuka kuwa "farasi wake" ni la kusema tu. Kisheria mali ni ya baba. Wapo akina baba walioandika katika wasia kwamba binti fulani apewe farasi na tandiko la kike, na wasia wa namna hiyo ni chombo kizuri cha kufungulia kitabu. Lakini siku binti anapoolewa, mali yake inayohamishika, farasi akiwamo, huwa ya mume. Kwa hiyo mchumba akija kuposa, msomaji amwangalie kwa macho mawili: atakuwa mume gani, na atamfanya nini farasi.

Hatari nyingine iko bandarini. Farasi wa Narragansett walikuwa bidhaa tangu zamani. Mwaka 1677 John Hull, mfanyabiashara wa Boston, alipendekeza rasi ya Point Judith izibwe kwa ukuta wa mawe ili kukuzia humo farasi wazuri wa kuuza visiwa vya sukari kama Barbados. Miaka 90 baadaye biashara hiyo ingali hai, na farasi walisafirishwa sitahani, wakapigwa na mawimbi na jua, wengine hawakufika. Baba mwenye deni hahitaji kuwa mkatili ili amuuze farasi kipenzi cha mwanawe. Anahitaji tu wakala wa meli na bei nzuri.

Kama Mercy atafuata meli hiyo hadi Newport, mpitishe njia ya kweli. Atateremka South Ferry, avuke kwa mashua hadi kisiwa cha Conanicut, akikatize kisiwa, kisha avuke mara ya pili. Upepo ukikataa, anangoja. Kwa ladha ya barabara za kule, mfikirie Sarah Kemble Knight, mwanamke wa Boston aliyesafiri kwa farasi hadi New York mwaka 1704 na kuandika shajara: mito isiyo na madaraja, giza la msituni, na mtumbwi mwembamba uliomtia hofu hata akaogopa kugeuza macho.

Mambo madogo yatakayokuumbua: fedha ni pauni, shilingi na peni, pamoja na dola za fedha za Kihispania, ambazo kwa New England, yaani makoloni ya kaskazini kama Rhode Island, moja ilihesabiwa shilingi 6. Ukirudi nyuma ya 1752 angalia kalenda, maana mwaka ule tarehe 2 Septemba ilifuatwa na 14, na kabla yake mwaka mpya kisheria ulianza Machi 25. Usilete wachunga ng'ombe wa kofia pana wala wapanda farasi wa posta ya magharibi, hao ni wa karne ya 19. Ile simulizi ya Sybil Ludington, msichana wa miaka 16 aliyepanda farasi usiku kucha kuwaita askari mwaka 1777, ni ya baada ya tangazo la uhuru, na wanahistoria wanaitilia shaka. Usiiegemee.

Mazungumzo yaandike kwa Kiswahili kinachopumua, ila usimwekee Mercy "shikamoo" mdomoni. Kwa baba yake atasema "bwana" kabla ya kusema "baba", na atangoja aulizwe. Waumini wa Quaker, dhehebu la Kikristo lililokuwa na watu wengi Rhode Island, hawakuvua kofia mbele ya mkubwa yeyote. Jirani mmoja wa namna hiyo mezani atabadilisha hewa ya chumba kizima.

Mwisho wa kisa uandike kabla ya sura za katikati, halafu urudi kuzikagua. Kama farasi anarudi, orodhesha nani alilipa gharama ya kurudi kwake, na hakikisha jina la Kofi limo kwenye orodha hiyo. Kama harudi, mwachie Mercy zile kilo 9 za kila siku zilizobaki ghalani, na uamue ni farasi gani atakayezila.