Namna ya Kupata Krediti za Chuo kwa Mitihani ya Sekondari Nchini Marekani

Mzazi aliyesoma Kigoma, Mombasa au Bukavu amezoea kwamba masomo ya chuo huanza pale mwanafunzi anapoingia chuoni. Marekani utaratibu ni tofauti kidogo: kijana aliye bado sekondari anaweza kufanya mitihani ambayo, akiifaulu, itamfikisha chuoni akiwa na krediti kadhaa mkononi, yaani vipimo ambavyo chuo huhesabia masomo yaliyokamilika. Shahada ya kwanza kwa kawaida hudai krediti 120, kwa hiyo kila kozi ya krediti 3 inayoondolewa ni karo ambayo familia haitailipa.

Mitihani inayojulikana zaidi ni ya Advanced Placement, yaani AP, inayotungwa na shirika la College Board. Hufanyika mwezi Mei kila mwaka, matokeo hutoka Julai, na alama ni kuanzia 1 hadi 5. Wengi hukosea wakidhani kwamba alama nzuri yenyewe ndiyo krediti. College Board hutoa alama tu. Krediti hutolewa na chuo, na kila chuo kina masharti yake. Kwa sababu hiyo, kabla hata ya kuchagua somo, fungueni tovuti ya chuo ambacho kijana anakitazamia na mtafute jedwali lake la mitihani ya AP.

Jedwali hilo huonyesha jina la mtihani, alama ya chini inayokubaliwa, idadi ya krediti na kozi inayofidiwa, yaani kozi ya chuo ambayo mtihani huo huhesabiwa badala yake. Safu ya kozi ndiyo ya kusomwa kwa makini kuliko zote. Ikiwa mbele ya Kalkulasi AB, mmoja wa mitihani ya hisabati ya AP, imeandikwa kozi ileile ambayo mwanafunzi wa uhandisi atalazimika kuisoma mwaka wa kwanza, mtihani huo una faida kubwa; ikiwa imeandikwa kwamba ni kozi ya hiari tu, krediti zitahesabika lakini kozi ya lazima itabaki palepale. Vipo pia vyuo vinavyomruhusu mwanafunzi kuruka kozi ya mwanzo bila kumpa krediti yoyote. Katika majimbo kama Texas, Illinois na Ohio, sheria huvitaka vyuo vya umma kwa jumla vitambue alama ya 3 na kuendelea, lakini vyuo vyenye ushindani mkubwa mara nyingi hutaka 4 au 5. Anayelenga udaktari wa binadamu awe mwangalifu zaidi, kwani vyuo vingi vya udaktari hupendelea kuona masomo ya sayansi yamesomwa chuoni.

Usajili hufanywa shuleni, kupitia mratibu wa AP, na mwisho wake kwa kawaida ni katikati ya Novemba, miezi sita kabla ya mtihani wenyewe. Anayechelewa hutozwa zaidi. Ada ni takriban dola 100 kwa mtihani mmoja. Familia yenye kipato kidogo ina haki ya punguzo, na baadhi ya majimbo hulipa kiasi kinachobaki, basi ulizeni bila haya. Si lazima mwanafunzi awe amesoma darasa la AP la somo hilo. Ikiwa shule yake haina mitihani hiyo, aombe mapema kuifanyia katika shule nyingine.

Kuna njia ya pili ambayo, kwa maoni yangu, jamii zetu zimeipuuza mno, nayo ni mitihani ya College-Level Examination Program, yaani CLEP, ambayo pia ni ya College Board. Hufanyika wakati wowote wa mwaka katika vituo maalumu, alama zake ni 20 hadi 80, na vyuo vingi hukubali 50, ingawa si vyote vinavyoitambua mitihani hii. Kiswahili hakimo katika AP wala CLEP, jambo la kusikitisha, lakini Kifaransa kimo katika zote mbili. Kijana aliyesoma Bujumbura au Lubumbashi, au aliyefuata mtaala wa Kongo katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, ana mtaji ambao wenzake wa Marekani hawana. AP ya Kifaransa humtaka aandike na kuzungumza. CLEP ya Kifaransa ni ya kusikiliza na kusoma tu, hivyo humfaa anayeelewa vizuri ila kalamu yake imeanza kupata kutu. Akishindwa mtihani wa CLEP, anaweza kuurudia baada ya miezi 3.

Alama za AP zinaweza kutumwa bure kwa chuo kimoja kila mwaka, mradi mwanafunzi akitaje chuo hicho kabla ya tarehe ya mwisho ya mwezi Juni. Hata hivyo, kuzituma si sawa na kuingizwa kwenye rekodi. Kabla kijana hajachagua kozi za muhula wa kwanza, aende ofisi ya msajili wa chuo ahakikishe kila krediti imeandikwa, kwa maana akijiandikisha kwenye kozi ambayo tayari ameifidia kwa mtihani, huenda akailipia karo na kuipoteza krediti aliyokuwa nayo.