Kuotesha mizizi kwenye vipandikizi vya mpera kwa homoni ya IBA

Mpera wa mbegu mara nyingi haufanani na mama yake. Ukitaka mapera yale yale, panda kipandikizi. Tatizo ni kwamba tawi la mpera ni zito kutoa mizizi, na hapo ndipo homoni inaposaidia.

Mti wenyewe unayo homoni hiyo, oksini. Hutengenezwa kwenye ncha na majani machanga, kisha hushuka. Tawi likikatwa hurundikana penye jeraha, na seli zilizo karibu na kambiamu, ule utando mbichi chini ya ganda, huanza kugawanyika na kujenga mizizi. IBA ni oksini ya dukani, nayo haiharibiki upesi kama IAA, oksini ya mmea wenyewe.

Asubuhi, kata ncha za matawi ya msimu huu yasiyo na maua, sentimita 12 hadi 15, ukipitisha mkasi chini kidogo ya fundo, pale jani linapotokea. Bakiza majani mawili ya juu, kila moja nusu. Usiyamalize: ndiyo yanayoilisha mizizi sukari.

Pima gramu 0.3 za IBA. Haiyeyuki vizuri majini, kwa hiyo iyeyushe kwanza kwenye mililita 50 za ethanoli, kisha ongeza maji safi hadi mililita 100. Hiyo ni 3,000 ppm, yaani sehemu 3,000 kwa milioni. Mimina kidogo kikombeni, chovya sentimita 2 za kitako kwa sekunde 5, acha pakauke, chomeka. Kilichobaki kikombeni usikirudishe chupani. Ukitumia poda ya IBA ya asilimia 0.3 badala ya maji hayo, toboa shimo kwanza kwa kijiti ili isifutike.

Usizidishe dawa ukidhani utaharakisha. Ikiwa kali mno kitako huungua kikawa cheusi, macho hukataa kuchipua, na hata mizizi iliyoanza hudumaa.

Chomeka kwenye mchanga wa mto uliooshwa, uliochanganywa nusu kwa nusu na unga wa makumbi ya nazi. Funika kwa nailoni, weka kivulini, nyunyizia majani ukungu wa maji. Vipandikizi vingi hufa hapa, si kwenye dawa: majani hunyauka kabla ya mizizi kutoka, au maji yakituama kitako huoza.

Subiri wiki 6 hadi 8, kisha vuta taratibu. Kikishikilia, anza kuifungua nailoni kidogo kidogo. Majani mapya yasikudanganye: kipandikizi huweza kuchipua kwa akiba yake kikiwa hakina mzizi hata mmoja.