Pikipiki ya zamani haipigi stata: anza kwenye betri, usianze kwenye mota

Stata ya pikipiki ya zamani ikikataa, wengi hukimbilia mota. Inafunguliwa, inasuguliwa, inarudishwa, na bado kimya. Mota ni ya mwisho kuguswa. Umeme hutoka betri, hupita kwenye rilei (swichi ya umeme inayoamrishwa na kitufe cha stata), hufika kwenye mota, kisha hurudi betri kupitia bodi ya injini. Ufuate kwa mpangilio huohuo, na upime wakati kitufe kimebonyezwa, maana waya mbovu usio na mzigo husoma vizuri kama mpya.

Tafuta multimita, spana, brashi ya waya, msasa laini na kipande cha waya mnene. Weka nyutro, funga koki ya petroli, na hakikisha hakuna petroli inayovuja, kwa sababu cheche zitaruka.

Hatua ya 1: Sikiliza na utazame

Fungua swichi, bonyeza stata huku ukitazama taa ya nyutro kwenye dashibodi. Usitumie taa kubwa ya mbele: pikipiki nyingi huizima zenyewe wakati wa kupiga stata ili kuipunguzia betri mzigo, kwa hiyo itakudanganya.

- Kimya, na taa haibadiliki: umeme haufiki kwenye rilei, au rilei yenyewe imekufa. Ruka hadi hatua ya 4.
- Tik-tik-tik za haraka, taa inafifia: betri dhaifu au temino (maungio ya waya kwenye nguzo za betri) zimelegea.
- Tik moja, taa inakaribia kuzimika: betri, au mota imekwama.
- Tik moja ya nguvu, taa haitikisiki: rilei imeungua ndani, waya umekatika, au kaboni za mota (vipande vinavyopitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka) zimekwisha.
- Mota inavuma lakini injini haigeuki: ruka hadi hatua ya 6.

Hatua ya 2: Betri

Betri ya volti 12 ya asidi, iliyochajiwa kisha ikapumzishwa saa chache, isome 12.6 au zaidi. Ikisoma 12.4 imebaki kama robo tatu, 12.0 ni karibu tupu. Lakini namba hizo ni za betri iliyolala. Acha multimita kwenye temino, bonyeza stata. Ikishuka chini ya 9.6, ichaji na urudie. Ikishuka tena, mara nyingi seli imekufa, hata kama asubuhi ilisoma 12.7.

Kinyume chake pia kinasema kitu: rilei imelia tik, na betri imebaki 12.5 bila kutikisika. Hapo betri haijaombwa kitu. Njia imekatika mbele.

Hatua ya 3: Volti zinazopotea njiani

Hiki ndicho kipimo ambacho wengi hukiruka, na kwenye pikipiki ya miaka mingi ndicho kinachofichua ugonjwa mara nyingi zaidi.

Weka ncha nyekundu ya multimita juu ya nguzo ya chanya ya betri, kwenye risasi yenyewe, si kwenye pete ya waya. Ncha nyeusi iweke kwenye bolti ya mota. Bonyeza stata. Namba unayoiona ni volti zilizopotea kati ya pointi hizo mbili. Ikizidi 0.5, isogeze ncha nyeusi kurudi nyuma kituo kwa kituo: bolti ya pili ya rilei, bolti ya kwanza, pete ya waya. Namba inapoanguka ghafla, umelivuka tatizo.

Upande wa ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri, pima kutoka nguzo ya hasi hadi mwili wa mota. Zaidi ya 0.2 au 0.3, fungua bolti ya ethi kwenye injini. Mara nyingi utakuta rangi au kutu chini ya pete. Sugua mpaka chuma kimetemete, kaza, kisha paka grisi kwa juu.

Kagua pia waya wenyewe karibu na pete. Ukiwa mgumu au umevimba, chana ganda kidogo: shaba iliyogeuka nyeusi au yenye unga wa kijani haisafishwi. Badilisha waya mzima.

Hatua ya 4: Rilei na swichi

Bonyeza stata na upime kwenye nyaya ndogo za rilei. Volti 12 zipo lakini hakuna tik? Koili, yaani waya uliosokotwa ndani ya rilei, imekufa. Hakuna volti? Fuata fyuzi, kitufe cha usukani, swichi ya klachi, ya nyutro na ya stendi ya pembeni. Kitufe ndicho mshukiwa wangu wa kwanza, kwa sababu kinanyeshewa kila siku.

Kama tik ipo, unganisha bolti mbili kubwa za rilei kwa ule waya mnene, kwa sekunde moja tu. Mota ikizunguka, badilisha rilei. Ikikaa kimya na hatua ya 3 ilikuwa safi, sasa ndiyo zamu ya mota.

Hatua ya 5: Mota

Toa waya wa hasi wa betri kwanza. Kabla ya kufungua mota, kwaruza alama kati ya vifuniko na mwili, na upige picha ya mpangilio wa washa, zile pete nyembamba za ndani.

Angalia kaboni. Nyingi zikiwa mpya huwa kama milimita 10 hadi 12. Zikifika nusu, badilisha. Kaboni ndefu nayo inaweza kukwama: vumbi jeusi hujaa kwenye nyumba yake, springi inasukuma bure. Ndiyo maana mota nyingine hushtuka na kuzunguka ukiigonga kwa mpini wa bisibisi.

Shaba ambayo kaboni hukanyaga isafishe kwa msasa laini wa karatasi, na utoe uchafu kwenye mifereji yake. Kisha pima kwa multimita: kipande hadi kipande umeme upite, kipande hadi shafti usipite kabisa. Ukipita, amecha, yaani sehemu ya mota inayozunguka, imeungua. Tafuta mota nyingine.

Wakati wa kurudisha, shika nati ya ndani ya bolti ya umeme unapokaza ya nje. Ukiiacha izunguke, inavunja kihami cha ndani (kinachozuia umeme usiguse mwili) na mota inapiga shoti.

Hatua ya 6: Mota inazunguka peke yake

Hapa umeme ni mzima. Klachi ya stata, ile inayoshika upande mmoja tu, imelika rola au springi. Kwenye pikipiki nyingi hukaa nyuma ya sumaku, na sumaku hutolewa kwa pula yake, kifaa cha kuivuta. Nyundo itaipasua.