Kuipeleka Familia Chiang Mai kwa Mwaka Mpya wa Songkran

Songkran, mwaka mpya wa jadi wa Thailand, huadhimishwa tarehe 13 hadi 15 Aprili kila mwaka, na wengi wetu tunaijua kwa picha za vijana wanaomwagiana maji barabarani kwa ndoo na bastola za plastiki. Picha hizo ni za kweli, ila ni za mchana tu. Asubuhi ya sikukuu hiyo ni ya hekaluni na ya wazee. Tarehe 13 ni Siku ya Wazee kitaifa, tarehe 14 ni Siku ya Familia, na wakazi wengi wa Bangkok huondoka jijini kurudi mikoani kwa wazazi wao, kama Wachaga wanavyopanda Moshi kila Desemba. Mzazi anayetaka watoto wake waione sikukuu nzima, wala si vurugu za maji peke yake, aipange safari kwa kufuata asubuhi, akae mji mmoja kwa siku zote tatu, na mchana utajileta wenyewe.

Mji ninaoupendekeza ni Chiang Mai, kaskazini mwa nchi, ulioanzishwa na Mfalme Mangrai mwaka 1296. Mji wake mkongwe una umbo la mraba uliozungukwa na handaki la maji, kila upande ukiwa na urefu wa takriban kilomita moja na nusu, na ndani ya mraba huo mahekalu yamekaribiana kiasi kwamba mtoto wa miaka sita anaweza kuyatembelea mawili au matatu kwa miguu kabla jua halijawa kali. Handaki hilohilo ndiko watu wanakochota maji mchana, kwa hiyo familia iliyopanga chumba ndani ya mji mkongwe haihitaji gari hata kidogo. Bangkok nayo ina Songkran kubwa, lakini barabara ya Silom na mtaa wa Khao San, zinazosifiwa sana, hujaa umati wa kubanana bega kwa bega, na kwa maoni yangu si mahali pa kumpeleka mtoto mdogo.

Kasoro ya Chiang Mai ni hewa. Kati ya Februari na Aprili wakulima huchoma mabaki ya mashamba na misitu nayo huungua, na moshi hutuama katika bonde la mji huo kwa siku nyingi. Ikiwa katika familia kuna mwenye pumu, chagueni Ayutthaya, mji mkuu wa zamani ulio umbali wa kilomita 80 hivi kaskazini mwa Bangkok, au mji wowote wa pwani ya kusini.

Maandalizi ya karatasi yaanze miezi mitatu kabla. Wenye pasi za Tanzania, Kenya na Uganda huhitaji viza kabla ya kusafiri, nayo siku hizi huombwa kupitia tovuti rasmi ya viza ya serikali ya Thailand. Kila mtoto anaombewa ya kwake, kwa hiyo vyeti vya kuzaliwa viwe tayari mapema, na mzazi anayesafiri na watoto bila mwenzake abebe barua ya ridhaa. Muhimu kuliko vyote, na ndicho watu wanachokisahau, ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Thailand hukidai kwa wasafiri wanaotoka Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, na chanjo yenyewe huhesabika kuwa halali baada ya siku 10 tangu kuchomwa. Aliyekwisha kuchanjwa zamani hana haja ya kurudia, kwa kuwa tangu mwaka 2016 cheti hicho ni cha maisha. Mkifika uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi, Bangkok, msikimbilie foleni ya uhamiaji. Tafuteni kwanza dawati la udhibiti wa afya, vyeti vya familia nzima vikaguliwe hapo, kwani asiyepitia huko hurudishwa nyuma baada ya kupanga foleni ndefu. Aidha, tangu Mei 2025 kila mgeni hujaza fomu ya kidijitali ya kuingia nchini ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Fomu hiyo ni ya bure, na tovuti yoyote inayoitoza fedha iachwe mara moja.

Panga kufika Chiang Mai tarehe 11 Aprili, au 12 kwa kuchelewa sana, na usiondoke kabla ya tarehe 16. Sababu si uchovu wa watoto pekee. Wathai wenyewe huuita wakati huu siku saba za hatari, kwa kuwa ajali za barabarani huongezeka mno kwa wingi wa magari, ulevi, na pikipiki zinazoteleza kwenye lami iliyolowa. Usikodi pikipiki, hata kama unaiendesha kila siku nyumbani. Kutoka Bangkok unaweza kuruka kwa saa moja na robo hivi, au kupanda treni ya usiku kutoka stesheni ya Krung Thep Aphiwat, safari ya kilomita 750 hivi ambayo watoto huipenda kwa sababu viti hugeuzwa kuwa vitanda mbele ya macho yao. Tiketi za treni kwa wiki ya Songkran huisha haraka kupita kiasi, kwa hiyo zikatwe siku zinapofunguliwa.

Kabla ya kuondoka nyumbani, wasimulieni watoto hadithi ya sikukuu hii, kwa sababu ina kitendawili ndani yake. Mungu aitwaye Kabil Phrom alimjia kijana mwerevu, Thammaban, akamuuliza: fahari ya mtu hukaa wapi asubuhi, hukaa wapi adhuhuri, na hukaa wapi jioni? Alimpa siku saba za kujibu, na atakayeshindwa akatwe kichwa. Siku ya sita kijana alikuwa amelala chini ya mti wa mvumo, hana jibu, akawasikia tai wawili juu ya mti wakizungumza. Dume akamwambia jike kwamba asubuhi fahari iko usoni, ndiyo maana watu hunawa uso wakiamka. Adhuhuri iko kifuani, ndiyo maana hujipaka manukato hapo. Jioni iko miguuni, ndiyo maana huosha miguu kabla ya kulala. Kabil Phrom akashindwa. Lakini kichwa chake kilikuwa cha moto: kikigusa ardhi, dunia ingeungua, kikirushwa hewani, mvua ingekoma, kikitupwa baharini, maji yangekauka. Kwa hiyo binti zake saba walikipokea kwenye sinia, kikahifadhiwa pangoni, na kila mwaka binti mmoja hukitoa kwa maandamano. Zamu ya binti hutegemea siku ya wiki ambayo mwaka mpya huo huangukia, na watoto watamwona amechorwa kwenye mabango ya mwaka huo.

Asubuhi ya tarehe 13, tokeni kabla ya saa mbili. Hekaluni mabega na magoti yafunikwe, viatu vivuliwe mlangoni, na mkikaa chini miguu isielekezwe kwenye sanamu ya Buddha. Mwanamke asimguse mtawa wala asimkabidhi kitu mkono kwa mkono. Nje ya ukumbi mkuu mara nyingi huwekwa sanamu ndogo za Buddha na bakuli la maji yenye maua ya asumini. Watu huchota kidogo na kuzimwagia mwilini, polepole. Familia isiyo ya Kibuddha inaweza kusimama kando na kutazama, na hakuna atakayewalaumu. Katika ua wa hekalu mtakuta pia vichuguu vya mchanga vilivyojengwa kama minara na kuchomekwa vibendera vya karatasi. Sababu yake hupendeza: mwaka mzima watu hutoka hekaluni na vumbi la hapo miguuni, basi mwaka unapoisha huurudisha mchanga. Huko kaskazini kazi hiyo hufanywa zaidi tarehe 14, siku ambayo mtu hutakiwa pia asitukane wala kugombana, na watoto wageni hukaribishwa kujenga. Mchana wa tarehe 13, sanamu ya Phra Buddha Sihing hutolewa katika hekalu la Wat Phra Singh na kupitishwa mitaani juu ya gari lililopambwa, watu wakiirushia maji yenye manukato. Tafuteni kivuli kando ya njia saa moja kabla.

Jambo ambalo mgeni hulikosa kwa kutojua ni ibada ya kuwamwagia wazee maji mikononi. Hufanyika majumbani, hasa tarehe 15, lakini nyumba nyingi za wageni zinazoendeshwa na familia huiandaa, kwa hiyo mwulize mwenyeji wako siku ya kwanza kama kuna mzee ambaye mnaweza kumpa heshima zenu. Mzee huketi kwenye kiti, ameunganisha viganja mbele yake juu ya beseni. Mdogo hupiga magoti ili kichwa chake kiwe chini kuliko cha mzee, hushika kibakuli cha fedha au cha bati chenye maji, petali za waridi na asumini, na huko kaskazini maganda ya mkakaya yaitwayo *som poi*, kisha humimina kijito chembamba juu ya viganja vile bila haraka. Mzee hubaki ameyapokea maji, huku akitamka dua ya afya na maisha marefu, na wengine hulowesha vidole na kumpangusa kijana kichwani. Ni yeye anayegusa. Ninyi msimguse mtu kichwani, hata mtoto. Mpeni shada la asumini mlilolinunua sokoni asubuhi, au matunda. Mtoto aliyelelewa kusema shikamoo hahitaji mafunzo mengi hapa: mwambie tu kwamba shikamoo ya leo inatolewa kwa maji.

Maji ya barabarani huanza kukolea mnamo saa nne asubuhi. Kaeni upande wenye familia na watoto, mbali na lango la Tha Phae ambako muziki na umati ni mkubwa zaidi, na kubalini mapema kwamba mtalowa, kwani mgeni mkavu ndiye anayelengwa kwanza. Wapo wanaotia mabonge ya barafu kwenye mapipa yaliyopakiwa katika pikapu, na maji hayo humshtua mtoto hadi akalia. Kinyunyizio kidogo na miwani ya kuogelea humpa ujasiri wa kujibu. Maji ya handaki si safi, kwa hiyo watoto wafunge midomo na waoge kwa sabuni wakirudi. Wengine watawapaka mashavuni udongo mweupe uliokorogwa, nao hutoka kwa maji tu. Msimmwagie mtawa, mzee, mtoto mchanga, wala mwendesha pikipiki, hata mkiwaona wenyeji wakifanya hivyo. Pasi ziachwe hotelini, mbebe nakala, na simu iingie kwenye mfuko wa plastiki wa kuvaa shingoni unaouzwa kila kona.

Joto la Aprili hupita nyuzi 35 mara kwa mara na huweza kukaribia 40, kwa hiyo kati ya saa saba na saa tisa rudini chumbani mlale. Jioni mkiahidiana na mwenyeji kukutana, Mswahili atastarehe kugundua kwamba Wathai nao, katika mazungumzo ya kila siku, huhesabu saa za usiku kuanzia moja baada ya jua kuzama, ingawa ratiba za treni na ndege hufuata saa 24.

Kwa chakula, familia za Kiislamu zielekee msikiti wa Ban Haw, karibu na soko la usiku, uliojengwa na Waislamu wenye asili ya Yunnan. Mitaa inayouzunguka ina migahawa ya halali inayopika *khao soi*, tambi za mayai ndani ya mchuzi wa tui la nazi wenye bizari, zikiwa zimefunikwa juu kwa tambi za kukaangwa. Aprili ni msimu wa maembe, na wali wa kunata wenye tui na embe bivu utawavutia hata watoto wanaochagua chakula. Maduka mengi madogo hufungwa siku za sikukuu, hivyo dawa, nepi na maziwa vinunuliwe tarehe 12. Namba za kushika kichwani ni mbili: 1155 ya polisi wa watalii, na 1669 ya gari la wagonjwa.

Siku ya kurudi, msiunganishe ndege ya kutoka Chiang Mai na ile ya kwenda Nairobi, Addis Ababa au Dubai kwa nafasi ya saa mbili au tatu. Kuanzia tarehe 16 watu waliokwenda mikoani huanza kurejea Bangkok, viwanja na barabara hujaa, na usiku mmoja wa hoteli karibu na Suvarnabhumi ni nafuu kuliko tiketi mpya za watu watano.