Kukarabati bawaba za usukani wa mashua

Mashua ya mita 6 hadi 8, kama zile za Unguja au Lamu, huwa na usukani wa ubao uliotundikwa kwenye fashini ya nyuma, yaani mti unaosimama mwisho wa chombo, kwa bawaba mbili za chuma. Pete ziko kwenye fashini, pini ziko kwenye usukani. Ubao hudumu miaka. Kinachokufa ni bawaba, hasa ya chini, maana chombo kikielea haionekani. Panga kazi wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu: maji yakijaa sana unakipandisha chombo juu ufukweni, yakitoka unapata saa kadhaa za kufanya kazi pakavu.

Andaa keekee au drili, biti za mm 10, 16 na 20, boliti za mm 10 zenye nati na washa, sentimita chache za bomba jeusi la maji la mm 20, pamba ya kalafati (ya kuzibia nafasi za mbao), sifa (mafuta ya papa), na epoksi kidogo.

1. Tafuta panapocheza. Shika usukani chini kabisa, utikise kushoto na kulia, halafu unyanyue kidogo. Pini ikicheza ndani ya pete, chuma kimelika: mm 1 au 2 vumilia, ikifika 3 tengeneza. Lakini pete yenyewe ikitikisika juu ya fashini, au kukiwa na mchirizi wa kutu chini ya boliti, ugonjwa uko kwenye mbao, na kukaza nati ni kujidanganya. Choma mbao kwa ncha ya msumari kuzunguka boliti. Ukizama kwa nguvu ya mkono tu, pameoza.

Usukani mzito mkononi ni habari nyingine. Chombo kinachong'ang'ania kuelekea upepo, kana (mpini wa usukani) ikikuvuta bega, mara nyingi kimekazwa demani (kamba ya tanga) kupita kiasi au shehena imerundikwa omo, yaani mbele. Rekebisha hayo kwanza, ndipo ushike spana.

2. Vua usukani. Ni kazi ya watu wawili, unanyanyuliwa wima. Kutu ikiushika, mwagia dizeli, subiri, kisha gonga kutoka chini huku umeweka kipande cha mbao katikati. Nyundo ikipiga chuma moja kwa moja, pete hupasuka.

3. Toa boliti zote, hata zinazoonekana nzima. Hapa ndipo wengi hukosea. Boliti hutoka na kichwa kizima, nati nzima, na katikati kiuno kama cha nyigu. Maji ya chumvi hukaa ndani ya tundu na kuila pale pasipoonekana. Hata chuma cha pua hakisalimiki kikikaa kwenye mbao mbichi isiyopata hewa. Na usichanganye: boliti za chuma cha pua kwenye bapa (sehemu ya bawaba inayolala juu ya mbao) lililopakwa zinki, ndani ya maji ya bahari, hulimaliza bapa. Zinki kwa zinki, pua kwa pua.

4. Matundu. Yale ya usukani ni rahisi, kwa kuwa ubao unaweza kukaa kivulini siku tatu nne ukauke. Panua tundu hadi mm 16, jaza epoksi iliyokorogwa na unga laini wa mbao, acha ikauke hadi kesho yake, kisha toboa mm 10 katikati. Fashini haikauki kati ya maji mawili, na epoksi haishiki mbao mbichi. Huko ziba tundu bovu kwa kigingi cha mvule kilichozungushiwa pamba yenye sifa, kipigwe mpaka kikatae, ukate kilichobaki. Tundu jipya liwe angalau mm 40 kutoka la zamani, na lisifuate mstari uleule wa nyuzi, la sivyo umechora mahali pa kupasukia.

5. Pete iliyolika. Ikiwa imekuwa yai na bado ina nyama ya kutosha, itoboe iwe duara la mm 20 na uingize kipande cha bomba jeusi. Bomba hilo likiwa la ukuta wa mm 2, ndani lina mm 16, sawa na pini ya kawaida ya mashua. Kwaruza kidogo pini izunguke bila kubana. Ukilazimika kuchomelea, saga zinki kwanza na usimame upande upepo unakotoka. Moshi wake mweupe una sumu.

6. Nyoosha mstari. Funga pete bila kukaza, pitisha nondo iliyonyooka ya mm 16 katika zote mbili, ndipo ukaze, ukianza na ya chini. Pete zisipokuwa mstari mmoja, pini italika upande mmoja. Chini ya kila bapa weka pamba yenye sifa.

7. Tundika. Pini ya chini iizidi ya juu kwa mm 20 hivi. Unaingiza ya chini kwanza, halafu unatafuta ya juu. Zikilingana, kuzilenga zote pamoja baharini ni mateso. Funga kamba mbili: nyembamba ya kuzuia usukani usinyanyuliwe na wimbi, na nene iliyolegea kutoka usukani hadi tezi, yaani nyuma ya chombo. Ukigonga mwamba, nyembamba ikatike kabla ya fashini, na nene irudishe usukani.

Usitie grisi kwenye pini. Mashua hulala mchangani, na grisi yenye mchanga ni msasa. Paka deheni (mchanganyiko wa mafuta na chokaa) sehemu inayozama, kisha baada ya wiki moja baharini kaza nati tena robo mzunguko, kwani mbao itakuwa imekaa sawa chini ya bapa.