Jinsi ya Kuzuru Bunge la Uskoti: Anzia Mlimani, Si Mlangoni

Nimewatembeza wageni wengi katika Bunge la Uskoti, jijini Edinburgh, na wanaotoka bila kuelewa walichokiona ni wale wanaokimbilia mlangoni. Enric Miralles wa Barcelona, aliyelichora, alitaka jengo lionekane kama limeota ardhini. Basi tuanze na ardhi.

Hatua ya 1: Chagua siku. Kuingia ni bure. Ukitaka kuwasikia wabunge, nenda Jumanne, Jumatano au Alhamisi wakati wa vikao. Alhamisi mchana Waziri Kiongozi huulizwa maswali na viti vya wageni hugombaniwa, kwa hiyo wahi tiketi, ambayo nayo ni bure. Mimi hupenda siku zisizo na kikao, na huomba mapema ziara ya kuongozwa, kwa sababu sehemu nzuri kuliko zote huifikii peke yako. Jumapili hapafunguliwi.

Hatua ya 2: Panda. Ng'ambo ya jengo kuna majabali ya Salisbury Crags. Vaa viatu visivyoteleza na koti, maana upepo wa huko hauna huruma. Ukifika juu, geuka utazame chini. Ukiwa barabarani unaona vipande visivyohusiana, lakini kutoka huku vipaa vinakuwa majani yaliyobanana kwenye tawi, au mashua zilizopinduliwa ufukweni. Picha zote mbili zilikuwamo katika mawazo ya Miralles. Fuata kwa macho nyasi na maua ya mwituni yaliyopandwa kuunganisha jengo na mbuga ya Holyrood. Mama mmoja niliyempandisha alikuwa akinung'unika tangu hotelini. Alipogeuka akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe ni tawi!"

Gharama ilifika pauni milioni 414, nayo imelalamikiwa sana. Toa hukumu yako ukishashuka, si kabla ya kupanda.

Hatua ya 3: Pitia ukuta wa Canongate, yaani ukuta wa nje wa jengo ulio kwenye barabara yenye jina hilo. Umepachikwa mawe ya Uskoti ya rangi na aina tofauti, yakiwa na maneno ya mashairi, methali na Zaburi. Tafuta pia mchoro wa mji mkongwe uliotokana na mkono wa Miralles mwenyewe.

Hatua ya 4: Ukaguzi. Ni kama wa uwanja wa ndege. Kijisu cha kumenyea matunda kiache ulikofikia.

Hatua ya 5: Ukumbi wa chini. Dari la zege liko chini, limechorwa misalaba ya bendera ya Uskoti. Simama hapo mpaka macho yazoee, ndipo upande kwenye ukumbi wa mijadala. Mwanga utakupokea ghafla. Viti vya wabunge 129 vimepangwa nusu duara, na juu yake boriti za mwaloni zimeshikana kwa viungo vya chuma kisichoshika kutu, bila nguzo hata moja katikati. Chagua kiungo kimoja uone boriti zinavyokutana pale kama vijiti kwenye kifundo cha tawi. Siwa ya fedha imechorwa maneno manne: hekima, haki, huruma, uadilifu.

Hatua ya 6: Ukumbi wa bustani. Hapa ndipo unapomhitaji mwongozaji. Inua kichwa: madirisha 12 ya paa yenye umbo la jani ndiyo yale uliyoyaona kutoka mlimani, na sasa uko chini yake, kama mtu aliyejipumzisha kivulini. Miralles hakupata kusimama hapa. Alifariki Julai 2000 akiwa na miaka 45, na jengo lilifunguliwa rasmi Oktoba 2004. Mimi huwaacha wageni dakika tano bila kusema neno.

Hatua ya 7: Toka, zunguka upande wa magharibi. Kila ofisi ya mbunge upande huu ina dirisha lililochomoza nje, limekingwa kwa fito za mwaloni, na ndani yake kuna kiti cha kukalia mtu mmoja afikiri. Simama kando ya ukuta utazame juu. Huenda ukamwona mmoja amekaa.